Kutupa Dirishani au Kuhamia: Msamiati wa Kubadili Mfumo wa Kompyuta katika Kiswahili

1. Utangulizi

Kila fani mpya inapoingia katika jamii huja na lugha za namna mbili. Ya kwanza ni lugha ya istilahi rasmi, ambazo huundwa na vyombo vilivyokabidhiwa kazi hiyo. Ya pili ni lugha ya misimu, yaani maneno ya utani na ya mkato ambayo watumiaji huyazua wenyewe ili waelewane upesi na wajitambue kuwa ni kundi moja. Wataalamu wa Kiswahili wameishughulikia zaidi lugha ya kwanza. Imejadiliwa kwa kirefu iwapo mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo kile chombo cha mkononi kiitwe kipanya, puku au kiteuzi. Misimu ya kompyuta haikupata nafasi kubwa kiasi hicho.

Makala haya yanakusudia kuchunguza sehemu moja ndogo ya msamiati huo: maneno yanayoeleza tendo la mtu kuacha mfumo wa uendeshaji unaouzwa kwa leseni, kama vile Windows, na kuingia katika mfumo ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, kama vile Linux. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayopokea amri za mtumiaji na kuzitawala programu nyingine zote katika mashine. Kuubadili ni jambo kubwa, na kila lugha inayojihusisha na kompyuta imetafuta namna ya kulitaja.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uchaguzi wa neno katika jambo hili hauhusu mapambo ya lugha tu. Neno ndilo linalomwonyesha mtumiaji atarajie nini: zawadi, uhuru, au hasara. Ili hoja hiyo ipimwe kwa haki, makala yanachukua kama kipimo msemaji wa Kiswahili wa Buleusa, katika wilaya ya Walikale, jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika eneo la Masisi na Walikale husemwa Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda na, kuelekea Lubero, Kinande. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji hao sokoni, kanisani na barabarani, na Kifaransa ni lugha ya shule na ya serikali. Mtu wa huko hakupitia shule za Dar es Salaam wala Nairobi, na hana sababu ya kujua kilichoamuliwa na kamati za istilahi za miji hiyo. Istilahi itakayoeleweka kwake bila kufasiriwa ina haki ya kuitwa ya Kiswahili kizima.

2. Utani wa dirisha

Katika Kiingereza misimu inayojulikana zaidi kuhusu jambo hili imejengwa juu ya tukio la historia ya Ulaya. Mwezi Mei mwaka 1618, katika mji wa Prague, wakuu wa Bohemia waliokasirishwa na utawala wa mfalme waliwakamata wawakilishi wake wawili pamoja na karani wao, wakawatupa nje kupitia dirisha la ngome. Watu hao hawakufa, lakini kitendo hicho kilikuwa mwanzo wa vita vilivyodumu miaka thelathini. Kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya dirisha, lugha za Ulaya zilipata neno maalumu la tendo la kumtupa mtu dirishani.

Kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la kwanza la Windows mwaka 1985, na jina hilo, kama ijulikanavyo, maana yake ni madirisha. Wataalamu wa kompyuta, ambao aghalabu ni watu wanaopenda mizaha ya maneno, hawakuweza kuiacha nafasi hiyo. Katika mkusanyo wao mashuhuri wa misimu uitwao Jargon File, ambao ulianza kukusanywa mwaka 1975, neno lile la Prague lilikuja kuingizwa kwa maana mpya: kuufuta kabisa mfumo wa Windows katika mashine na kuweka mwingine unaodhaniwa kuwa bora, hasa Linux. Hapa kinachotupwa si mtu tena, bali ni dirisha lenyewe.

Je, mzaha huo unaweza kuhamishwa katika Kiswahili? Jibu la haraka ni hapana. Tafsiri ya moja kwa moja, yaani kutupa dirishani, haimkumbushi msemaji wa Kiswahili tukio lolote. Humpa picha ya mtu anayemwaga maji machafu nje. Isitoshe, Windows katika Kiswahili imebaki kuwa jina, na watu hawasemi kwamba mashine zao zina madirisha wanapotaja mfumo huo. Neno dirisha, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiajemi, limepewa kazi nyingine katika kompyuta: ni lile eneo la mstatili linalofunguka juu ya kioo, liwe katika Windows au katika Linux. Aliyeacha Windows bado hufungua na kufunga madirisha kila siku.

Hata hivyo dirisha lina historia yake katika Kiswahili, na historia hiyo inafaa kutazamwa. Dirisha ni mahali pa kuhudumiwa, kama dirisha la tikiti au la malipo. Katika kandanda ni muda ulioruhusiwa wa kuhama kutoka timu moja kwenda nyingine, na mashabiki wa Tanzania husema dirisha dogo wakikusudia usajili wa katikati ya msimu. Tena dirisha ni njia isiyo halali ya kuingia nyumbani: mwenye nyumba na mgeni hupita mlangoni, mwizi hupita dirishani. Msemaji wa Kiswahili akitaka kutania juu ya Windows ana mali ya kutosha katika maana hizo, bila kwenda Prague kuazima. Anaweza kusema, kwa mfano, kwamba amechoka kuchungulia dirishani na sasa ameingia kwa mlango. Mzaha wa namna hiyo utaeleweka Buleusa kama utakavyoeleweka Tanga.

3. Bure, huru na huria

Ugumu halisi hauko katika mzaha bali katika sifa inayopewa programu zenyewe. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutengeneza mfumo kamili ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Viungo hivyo viwili viliposhikana, mfumo kamili ulipatikana.

Tangu mwanzo mradi wa Stallman ulisumbuliwa na neno moja. Kiingereza hutumia neno lile lile, free, kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyekuwa mtumwa. Ilimlazimu Stallman kueleza mara kwa mara kwamba alikusudia uhuru, kama ule wa kusema, na si ukarimu wa mtu anayewanunulia wenzake bia. Ugumu huo ulikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya mwaka 1998 wengine wachague jina jipya lenye maana ya chanzo kilicho wazi. Kwa sababu hiyo hiyo programu ya ofisi iliyozinduliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice ilipewa jina LibreOffice, lenye neno libre ambalo katika Kifaransa haliwezi kuchanganywa na gratuit.

Kiswahili hakina tatizo hilo. Kisicholipiwa ni cha bure. Kisichotawaliwa ni huru. Maneno haya mawili hayafanani kwa sauti, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Inashangaza basi kwamba katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika maandishi, programu hizi huelezwa mara nyingi kuwa ni programu za bure. Lugha ambayo ilikuwa na uwezo wa kuondoa utata kuliko Kiingereza imekubali kuubeba utata wa Kiingereza.

Hasara ya uchaguzi huo ni ya namna mbili. Kwanza, neno bure lina maana ya pili inayolifuata kama kivuli: kisicho na faida. Kazi bure ni kazi isiyo na matunda, maneno ya bure hayafai kusikilizwa, na kumwambia mtu kwamba yeye ni bure ni kumtukana. Anayeisifu programu kwamba ni ya bure amekwisha kuishusha kabla mtu hajaiona.

Pili, na hili ni zito zaidi, bei haitofautishi mambo mahali ambapo nakala hupita mkono kwa mkono. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kati watu wengi hutumia Windows waliyonakiliwa na fundi bila leseni. Mtu huyo hakumlipa Microsoft chochote. Kwake yeye Windows nayo ni ya bure, na akiambiwa aiache kwa sababu Linux ni ya bure, atajibu kwa haki kwamba hata aliyo nayo hakuinunua. Tofauti iliyopo ni nyingine. Nakala ya kwanza imechukuliwa bila ruhusa, na anayeigawa anavunja sharti la mwenye mali. Nakala ya pili imetolewa pamoja na ruhusa ya kuigawa, na anayempa jirani yake hatendi kosa lolote. Tofauti hiyo haimo katika bure. Imo katika huru.

Kuna na neno la tatu. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na hapo huria lilisimama kwa maana ya mahali palipo wazi kwa kila mwenye haja, popote alipo. Katika miaka hiyo hiyo magazeti yalikuwa yakiandika kila siku juu ya soko huria, yaani biashara isiyobanwa na amri za serikali. Asili ya huru na huria ni moja, Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyagawia kazi: huru hueleza hali ya mwenyewe, huria hueleza hali ya kitu kinachoruhusu watu wakifikie na wakitumie. Kwa mantiki hiyo programu huria na chanzo huria ni istilahi nzuri. Programu haina nafsi ya kuwa huru. Aliye huru ni mtumiaji, na programu ni huria kwake. Wapo pia wanaopendelea chanzo wazi, na faida ya neno wazi ni kwamba linajulikana kila mahali Kiswahili kinaposemwa.

4. Kuhama, kuhamia, kuhamisha

Kitenzi kinachofaa zaidi kwa tendo lenyewe ni hama, na mnyambuliko wake unaonyesha jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoweza kufanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno mengi. Anayeondoka katika Windows anahama. Anayeingia katika Linux anahamia. Anayechukua barua, picha na hesabu zake kutoka mfumo mmoja hadi mwingine anazihamisha. Mfanyakazi ambaye mwajiri wake ameamua kubadili mashine zote za ofisi bila kumwuliza amehamishwa. Na yule asiyetulia, anayejaribu Debian mwezi huu, Fedora mwezi ujao na Ubuntu mwezi wa tatu, anahamahama. Kiingereza kina msimu maalumu kwa watu wa aina hiyo ya mwisho, wenye picha ya kurukaruka. Kiswahili kinahitaji kurudia mzizi tu.

Kitenzi hiki kina mwenzake. Watafsiri wa programu wameeneza kitenzi kusakinisha kwa maana ya kuiweka programu katika mashine ili ifanye kazi. Msingi wake ni sakini, yaani kukaa mahali, na kusakinisha ni kufanya kitu kiwe mkazi. Wapo wanaosema kusimika, neno lenye picha ya kukita nguzo au kumtawaza mtu. Yote mawili yanafaa, lakini kusakinisha kunaafikiana vizuri na kuhamia: mfumo mpya unasakini katika mashine, na mtumiaji anahamia humo.

Picha hii ya makazi inaweza kupanuliwa zaidi. Linux ina desturi ya kuruhusu mtu aujaribu mfumo kwa kuuwasha kutoka katika diski au kifaa cha kuhifadhia, bila kugusa kitu chochote kilichomo katika mashine. Kwa Kiswahili hilo linaweza kuitwa kubisha hodi: mgeni ameonja hali ya nyumba, na asipoipenda anaondoka bila kuacha alama. Mwenye kuweka mifumo miwili katika mashine moja, akachagua kila anapoiwasha, anaweza kusemwa kwa utani kwamba ana miji miwili, kama asemwavyo mwanamume mwenye wake wawili katika nyumba mbalimbali. Na wapo wanaohama kisha wakarudi. Baraza la mji wa Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamisha maelfu ya kompyuta za ofisi zake kwenda Linux. Kazi hiyo ilitangazwa kukamilika mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza hilo hilo likaamua kurejea Windows. Kwa hali kama hiyo methali iko tayari: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

5. Nyumbu, ngwini na utu

Majina na nembo za mifumo hii nayo yanastahili kutazamwa, maana ndiyo huzaa utani mwingi. Jina GNU limefanana kwa makusudi na jina la mnyama ambaye Kiswahili humwita nyumbu, na kichwa cha mnyama huyo ndicho nembo ya mradi. Wapenzi wa programu huria wa Marekani walichagua mnyama wa mbali. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki nyumbu ni mnyama wa nyumbani, na sifa yake kubwa ndiyo hiyo hiyo inayozungumzwa hapa: kuhama. Kila mwaka makundi makubwa ya nyumbu huhama kati ya Serengeti na Maasai Mara. Mtu angeweza kudhani kwamba nembo hiyo ilichaguliwa na msemaji wa Kiswahili. Lakini kuna tahadhari: katika misimu ya Tanzania ya miaka ya karibuni nyumbu ni mtu anayefuata kundi bila kufikiri. Anayehamia Linux kwa sababu wenzake wamehamia asishangae akiitwa hivyo. Ngwini, ndege wa bahari ya kusini aliyefanywa nembo ya Linux mwaka 1996, hana historia yoyote katika Kiswahili, na kwa hiyo amebaki picha tu.

Jina lenye uzito zaidi ni Ubuntu. Toleo hili la Linux lilianza mwezi Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake limetoka katika lugha za Kinguni. Kimaumbo ni ndugu halisi wa utu: kiambishi bu- kimepungua kuwa u- katika Kiswahili, na -ntu imekuwa -tu. Anayesema mtu ni watu amekwisha kueleza falsafa ambayo jina hilo lilikusudiwa kuibeba.

Hapo msemaji wa Buleusa anaweza kusikia zaidi kuliko msemaji wa pwani. Jirani yake anayesema Kinande humwita mtu omundu, na mzizi ule ule husikika wazi. Jirani yake anayesema Kinyarwanda ana neno ubuntu lenyewe, na maana yake ni ukarimu. Kutokana nalo hupatikana usemi unaomaanisha kupewa kitu pasipo malipo. Kwa hiyo jina moja la programu linaweza kumpa msikilizaji mmoja wazo la utu na mwingine wazo la bure. Inafaa ikumbukwe kwamba kwa miaka kadhaa, hadi 2011, watengenezaji wa Ubuntu waliwatumia watu diski kwa posta bila kuwatoza hata nauli. Maana zote mbili zilikuwa za kweli, lakini huduma ya diski ilikoma, na ruhusa ya kunakili na kubadili bado ipo. Maana ya utu ndiyo iliyodumu.

6. Kipimo cha Buleusa

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux, kilitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iitwayo Jambo OpenOffice. Jina la mradi huo ni uvumbuzi mzuri wa kisarufi. Kwa kuongeza ki-, kiambishi cha lugha kama katika Kinyanga na Kifaransa, waanzilishi walifanya Linux iwe kama lugha ambayo mtu anaweza kujifunza kuisema. Ukitazama kwa makini, kazi hiyo isingewezekana kama programu yenyewe isingekuwa huria. Hakuna aliyehitaji kumwomba mwenye mali ruhusa ya kuitafsiri. Microsoft nayo ilitoa Windows na Office kwa Kiswahili katikati ya muongo huo, lakini kwa uamuzi wake yenyewe na kwa wakati iliouchagua.

Hili ndilo jambo linalomgusa mtu wa Buleusa kwa karibu. Kiswahili cha Kivu kina desturi zake. Kitenzi cha Kifaransa hupewa kiambishi ku- na kutumika papo hapo, kompyuta huitwa kwa jina la Kifaransa, na neno kama kusakinisha halisikiki. Kampuni ya mbali haina sababu ya kibiashara ya kutengeneza toleo la lahaja hiyo. Programu huria humruhusu mwalimu au fundi wa huko kuifungua tafsiri ya Dar es Salaam na kubadili neno lisiloeleweka, kisha kuwagawia wenzake. Uhuru wa kubadili msimbo, ambao kwa mtu wa kawaida huonekana kuwa wa wataalamu peke yao, kwa upande wa lugha ni uhuru wa kila anayejua kusoma na kuandika.

Je, istilahi zilizojadiliwa zinapita kipimo? Huria linapita kwa shida. Lilienezwa na taasisi na magazeti ya nchi jirani, na aliyesoma kwa Kifaransa hana mazoea nalo, ingawa uhuru analijua. Kwake yeye wazi na huru yatamfikia mapema zaidi, hasa yakilinganishwa na libre anayoijua tayari. Bure analijua sana, pamoja na kivuli chake chote.

Kuhama kunahitaji kufikiriwa kwa uangalifu. Mwezi Machi 1993 vita vilianza Walikale na kuenea Masisi. Mwaka 1994 walikuja wakimbizi wa Rwanda, na vita vya miaka iliyofuata viliwafanya watu wengi wa eneo hilo wayaache makazi yao zaidi ya mara moja. Buleusa yenyewe imewahi kuwa na kambi ya watu waliokimbia vijiji vyao. Mahali kama hapo kuhama si sitiari nyepesi. Aliyehama anajua nini kilibaki nyuma, na swali lake la kwanza ni: nitabeba nini? Swali hilo ndilo hasa analouliza kila mtu anayeshauriwa kubadili mfumo wa kompyuta, hata kama anakaa mjini penye amani. Anaogopa kupoteza barua zake, picha za watoto wake, orodha ya wanafunzi wake.

Kwa sababu hiyo kitenzi kisitumike kikiwa kitupu. Kuhama peke yake kunataja mahali panapoachwa. Kuhamia kunataja mahali pa kufikia, na kuhamisha kunataja mizigo itakayofika salama. Anayefundisha matumizi ya Linux kwa Kiswahili afuate mpangilio ambao sarufi imempa: abishe hodi kwanza, ahamishe mafaili yake yote mahali pa usalama, kisha ndipo ahamie. Anayeanza kwa kuufuta mfumo wa zamani, kama utani wa Prague unavyoshauri, amemtupa mtu nje kabla hajamjengea pa kulala.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha kulitaja jambo hili bila kuazima mizaha ya watu wengine. Kinatenga bure na huru, mambo ambayo Kiingereza huyachanganya. Kina huria na wazi kwa ajili ya kitu kinachofikiwa na wote. Na kina mnyambuliko wa hama unaoeleza kila hatua ya safari. Kilichobaki ni kuzitumia nyenzo hizo kwa uangalifu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina jukumu la kuwaunganisha wasemaji wa nchi zote za Jumuiya. Yafaa usanifishaji wa istilahi za kompyuta usiwe wa kuwapelekea watu wa Kivu orodha iliyokwisha kufungwa. Istilahi za programu huria zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa programu zenyewe zinaruhusu jambo lile lile ambalo lugha inayoishi huruhusu: anayetumia naye ana haki ya kurekebisha.